Mchanga Niliobeba Kichwani

Nyumba yangu ya Mtongwe ukiitazama toka barabarani utasema ni nyumba ya bati kama nyengine zote. Zunguka nyuma, uteremke, ndipo uone kuwa chini yake kuna chumba chengine. Kiwanja chetu ni mteremko, basi marehemu mume wangu alichimba, akajenga chumba ndani ya shimo lile, na juu yake ndiyo ikasimama nyumba yenyewe. Mbele kina mlango na dirisha. Nyuma, ukuta mzima umeegemea ardhi. Wanangu hukiita shimoni. Mimi silipendi jina hilo. Nakiita chumba cha chini, maana nilikijenga mimi.

Nasema nilikijenga mimi na sioni haya. Mume wangu alikuwa kibarua bandarini, leo ana kazi, kesho hana. Mawe tulinunua, simiti tulinunua mfuko mmoja mmoja, lakini mchanga wote uliingia nyumba ile kwa kichwa changu. Bahari ikipwa nateremka pwani na karai, na tumbo la miezi sita, nachota mchanga mweupe laini kama unga wa ngano, napanda nao. Mtu asinambie habari ya kujenga. Kisa hicho nimekisimulia harusini, matangani, hata kwenye foleni ya feri kwa watu nisiowajua. Wanangu wanakijua kama Alhamdu.

Mimba ile ya karai ndiyo huyu binti yangu, kitindamimba wangu. Alipozaa mtoto wake wa kwanza alikuja kwangu kukaa arubaini, maana kwetu mzazi hukaa kwa mamake siku arubaini akandwe kwa maji moto, anyweshwe uji wa pilipili manga, afukizwe udi, kisha ndipo arudi kwa mumewe. Nikamuweka chumba cha chini. Juu hapakuwa na pahali. Chumba kimoja yumo mwanangu wa kiume na mkewe na watoto watatu, na changu kimepakana na jiko ninalokaangia krispi za muhogo za kuuza, moshi wa mafuta humo ni kutwa. Chini kulikuwa kimya, na ubaridi wake, nikaona hapo ndipo. Ukuta wa nyuma ulikuwa ukitoka jasho. Nikatundika khanga mbili kuufunika.

Arubaini haikutimia. Mtoto alianza kupumua kama mtu anayepuliza moto, mbavu zinaingia ndani, midomo inageuka rangi. Tulilala hospitali siku kumi na moja, yeye na mpira wa hewa puani, mimi kwenye benchi. Pale kwenye benchi alinijia mkwe mwenzangu, mama wa mume wa binti yangu. Ni mwanamke wa Magongo, mjane kama mimi, sauti yake hushinda honi za malori yanayopita mlangoni kwake.

Akaniambia, "Mwenzangu, kile chumba kina maji."

"Kile chumba nimekijenga mimi."

"Sikuuliza nani kakijenga."

Toka siku hiyo salamu zetu zikawa za harusini na matangani tu. Mtoto alipona, alhamdulillahi. Sasa ana miaka minne, anakimbia, ana maneno kama mzee wa baraza. Lakini kwenye mkoba wake wa shule, kando ya chakula, iko pampu ya dawa ya pumu. Kila nikiiona ile pampu moyo wangu hunipiga teke.

Mwaka huu, wakati wa kaskazi, jua kali hata mbuzi hawatembei, binti yangu akanipigia simu. Alikuwa na mimba ya miezi saba.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba. Tumbo vipi?"

"Halijambo. Mama, usinikasirikie. Mume wangu asema safari hii arubaini nikae Magongo, kwa mamake."

Nilikuwa na kichungio mkononi. Krispi zikaungua nazitazama.

"Wewe wasemaje?" nikamuuliza.

"Mimi nataka kwako, mama. Lakini naogopa kile chumba."

Kuogopa chumba changu! Nikamwambia, "Nipe miezi miwili. Nitakikausha mpaka uanike nguo ndani." Akacheka, akasema inshallah. Nilipokata simu nikateremka chini, nikaondoa khanga. Ukuta ulikuwa umerowa toka sakafuni mpaka kifuani kwangu, na rangi ya mafuta niliyoupaka mwaka juzi imefura malengelenge kama mguu ulioungua. Na mvua haijanyesha mwezi mzima. Hilo ndilo lililonitia hofu. Maji ya mvua nayajua yanakotoka. Haya yalitoka wapi?

Mwanangu wa kiume akaniletea fundi. Mtu wa bara, mtu mzima, mvi mpaka kwenye nyusi, amechimba mawe Mwakirunge miaka mingi kabla ya kushika mwiko. Hakupima kitu. Alichukua tindo na nyundo, akabandua kipande cha plasta, akakivunja, akakilamba.

"Mama, lamba na wewe."

"Mimi nilambe ukuta?"

"Ukuta ni yako. Lamba."

Mwanangu akageuka kando kuficha kicheko. Nikalamba. Wallahi ilikuwa kama nimechovya ulimi katika mtungi wa achari.

"Hii si mchanga ya mto," fundi akasema. "Hii ni ya pwani. Iko na chumvi, na chumvi inakunywa maji. Kusiponyesha, inakunywa hewa. Si unaona vile chumvi ya jikoni inalia ukiiacha wazi? Ukuta yako inalia hivyo hivyo."

Nilisimama pale na chumvi mdomoni, nikayaona makarai yote, moja moja, yakipanda mteremko.

Akaniuliza, "Mchanga ya pwani iko kwa plasta peke yake, ama hata katikati ya mawe?"

Mwanangu alikuwa hapo hapo, anangoja. Yeye ndiye aliyekisimulia kisa changu siku ya harusi yake mwenyewe, watu wakanipigia vigelegele.

"Plasta tu," nikasema. "Fundi wa zamani alituibia. Sijui alileta mchanga gani."

Mwanangu akanitazama. Nami nikamtazama. Akatazama chini, akasema anakwenda kununua mikate.

Kazi ikaanza. Nje, nyuma ya nyumba, vijana wawili walichimba udongo kwa sururu mpaka ukuta ukaonekana mgongo wote. Wakaupiga brashi ya waya, wakaupaka lami ya moto mara mbili, wakaufunika nailoni nzito, na chini wakalaza bomba lenye matundu na kokoto juu yake, maji ya mvua yapate njia ya kuteremka bondeni yasigonge kwangu. Ndani fundi alibandua plasta yote akapiga mpya, kwa mchanga wa mto na unga wa dawa ya kuzuia maji. Alifanya kazi safi. Nilimpikia kutwa mara mbili, nikimtafuta kasoro nisipate.

Chumba kikawa cheupe kama ndani ya nazi. Majirani wakaja kutazama. "Bibi, hapa hata mimi nitazaa," jirani mmoja akasema, na umri wake ni sitini na zaidi. Tukacheka sote. Mimi nilicheka kwa mdomo tu.

Maana nilijua jambo ambalo fundi halijui. Kila fundi akisukuma mwiko juu ya mawe, mimi nilikuwa naona ile mistari ya simiti katikati yake, na kila mstari ni karai langu. Alipiga plasta njema juu ya chumvi yangu, na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia la chai.

Sasa nikawa sitaki kuugusa ukuta, nisije nikajua. Lakini moyo hautulii. Nikafanya kitu ninachokijua mimi. Nilikaanga muhogo, nikazichuja krispi vizuri, nikagawa bakuli mbili za kutoka kikaango kimoja. Moja nikaiweka sebuleni juu, moja chumba cha chini, zote wazi. Adhuhuri mpaka alasiri. Krispi naijua miaka ishirini. Inanyonya unyevu kabla ngozi ya mtu haijausikia.

Baada ya alasiri nikatafuna ya juu, ikavunjika. Kaa! Nikateremka, nikachukua ya chini, nikaikunja. Ilikunjika. Haikuvunjika, ilikunjika kama sikio la mbuzi.

"Mama, pengine mafuta hayakuwa moto," mkaza mwanangu akaniambia.

"Mafuta ni mamoja."

"Basi pengine simiti bado mbichi."

Nikaishika hiyo. Simiti bado mbichi. Nikangoja wiki moja, nikaweka bakuli tena. Ikakunjika. Nikangoja nyengine. Ikakunjika. Mchana nikikaanga nahesabu siku, nikiswali nahesabu siku, mara mbili nilitoa salamu sijui nimeswali rakaa ngapi.

Juma lililofuata binti yangu akaja na mwanawe. Tumbo limeshuka, anatembea kama bata, uso unang'aa. Nilipomfungulia chumba akasimama mlangoni akaziba mdomo.

"Mama! Hiki ni chumba cha bibi harusi."

Alileta chandarua, akakitundika. Akaleta kijigodoro cha mtoto, akakilaza kitandani akakipigapiga. Mimi nikatazama chini ya dirisha, pale ukuta unapokutana na sakafu. Palikuwa pameota ndevu. Nyeupe, laini, urefu wa kucha. Chumvi. Nikajifanya nainama kuokota uzi, nikaipangusa kwa kiganja, nikakificha kiganja kwenye khanga.

Nilifanya hivyo. Niliifuta asiione. Angeniuliza mtu mwaka jana kama naweza kumfanyia binti yangu jambo kama hilo ningemtemea mate.

Yule mjukuu wangu alikuwa amepanda na kushuka ngazi za nje mara kumi. Akaketi kitandani anahema. Binti yangu, hata hakusita, maneno yake akiendelea, akatoa pampu kwenye mkoba, akaitikisa, akamtia mdomoni. Pss. Akahesabu. Pss. Akairudisha mkobani kama mtu anayerudisha leso.

"Kwa hivyo mama, nikishajifungua tu, moja kwa moja huku," akasema. "Nishamwambia mume wangu, kakubali."

"Usije," nikasema.

"Abee?"

"Usije. Chumba kibovu."

Akatazama kuta. "Mama, chumba cheupe hiki, kibovu wapi?"

Nikafungua kiganja. "Lamba."

Hakulamba. Alinitazama kama mtu anayetafuta namba ya simu ya daktari.

"Ni chumvi," nikasema. "Imo katikati ya mawe, ukuta wote. Mchanga ni wangu."

"Mchanga gani?"

"Ule. Wa karai."

Akaketi. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika tumbo kwa mikono miwili, "Ule wa kichwani, mama? Ule wa harusini?" na mimi nikadhani limekwisha. Kisha kicheko kikakatika. Akamtazama mwanawe.

"Umelijua tangu lini?"

"Tangu fundi alipokuja. Wiki tano."

"Na wiki tano ulikuwa wangoja nini?"

Nikapangusa kile kiganja kwenye khanga. Akainuka, akafungua chandarua, akakikunja polepole, akamshika mwanawe mkono. Mlangoni akasema, "Ungenambia mama, ningekucheka siku moja, yakaisha." Akapanda ngazi. Nilibaki na kile kijigodoro. Alikuwa amekisahau, au hakukisahau, sijui mpaka leo.

Fundi nilimwita, akarudi kesho yake. Nilimwambia mwenyewe, kabla hajafungua mfuko wake, na mwanangu nimemwita asikie. Mchanga wa pwani, ukuta wote, aliyeuleta ni mimi, na nilikudanganya.

Akajikuna nyusi. "Mama, ungeniambia. Ningefukua katikati ya mawe, ningeosha, ningeacha ikauke ndio nipige plasta."

"Ningekwambia ungenidharau."

"Mimi? Mimi nilijengea mama mkwe wangu choo, kikaanguka na mimi niko ndani."

Mwanangu alicheka mpaka akakaa chini. Mimi pia. Lakini fundi alipoacha kucheka alisema neno lililonikausha: akibandua upya, akifukua mistari ile kina cha kidole, akaosha kwa maji matamu mara tatu, ukuta wataka wiki sita ama saba kukauka, ndipo apige plasta. Na hata hapo chumvi kidogo itabaki, itakuwa inachungulia, itabidi ipanguswe. Siku za binti yangu zilikuwa zimebaki ishirini.

Kwa hivyo nilivaa buibui langu jema, nikavuka feri, nikaenda Magongo.

Njia nzima nilipanga maneno. Nitaanza na hali ya hewa, nitapita kwa mjukuu, nitafika kwa chumba kwa mlango wa nyuma. Nilipofika, malori yamejipanga barabarani, vumbi mpaka kwenye kope, nikapiga hodi, na mkwe mwenzangu akatoka na mwiko mkononi. Maneno yote yakamwagika.

"Kile chumba kina maji," nikasema.

Akanitazama toka kichwani mpaka miguuni.

"Miaka minne," akasema. "Miaka minne nimengoja. Ingia, chai yachemka."

Nilimuomba. Sijawahi kumuomba mtu kitu, lakini nilimuomba binti yangu akae kwake arubaini, na mimi nije kutwa nimkande, kwa sababu mkono wa kumkanda mzazi anao mamake. Akasema, "Utakuja kutwa toka Mtongwe, na magoti hayo? Utalala hapa. Kitanda kipo. Lakini jikoni kwangu mtu hanipangii sufuria." Nikasema sawa. Ulimi wangu uliuma kusema sawa.

Mtoto alizaliwa wa kike, kilo tatu na kitu, na sauti ya nyanyake wa Magongo. Siku arubaini nililala nyumba ya mtu. Nilipanga sufuria mara mbili, nikafokewa mara mbili. Asubuhi malori yakianza kunguruma mimi nishaamka, nimeinamisha sikio juu ya kile kifua kidogo, nasikiliza. Zaidi ya mara moja nilikuta sikio la mwenzangu limetangulia. Binti yangu alikuwa akinijibu vizuri, abee mama, ahsante mama, ila ule utani wake hakunirudishia. Siku ya ishirini na moja nilipokuwa namkanda mgongo akasema, bila kugeuka, "Mkono mzito, mama. Kama wa mbeba karai." Niliendelea kukanda. Nilishukuru alikuwa amenipa mgongo, asinione uso.

Arubaini ilipita. Huko Mtongwe fundi alifukua, akaosha, akaacha dirisha na mlango wazi kutwa, akapiga plasta. Masika ikaingia. Mvua ya siku nne ikapiga, nikateremka nyuma ya nyumba na mwavuli kutazama mdomo wa bomba. Maji yalikuwa yakitoka pale yanateremka bondeni, yana rangi ya chai. Nilisimama nikayatazama mpaka khanga ikarowa.

Mvua ilipoanua wakaja kunitembelea wote, binti yangu na wanawe na mkwe mwenzangu. Nilikuwa nimeweka bakuli mbili toka adhuhuri, moja juu, moja chini, sikuzigusa. Mkwe mwenzangu alipomaliza kushuka ngazi na kulalamika nazo, nikampa bakuli ya chini.

"Onja wewe," nikamwambia. "Mimi sijiamini."

Akachukua moja, akaigeuza kwenye mwangaza wa dirisha kama anakagua dhahabu. Akaitia mdomoni. Binti yangu alikuwa mlangoni, mtoto begani, hajaingia.

Kaa!

Tuliisikia sote. Akatafuna taratibu, akanikomesha kusudi, akameza.

"Imekauka," akasema. "Ila umezidisha chumvi."

"Hata yangu imenivunjikia," akasema mjukuu wangu, amejaza mashavu.

Binti yangu akaingia, akaenda ukuta wa nyuma, akaweka kiganja, akakiacha pale muda mrefu. Kisha akakitazama. Akatafuta pale kitandani, akakikuta kile kijigodoro nilichokuwa nimekianika kila siku yenye jua tangu alipokiacha. Akamlaza mtoto. "Saa moja tu," akaniambia. "Leo saa moja tu, mama."

"Saa moja," nikasema.

Tukaleta viti viwili, mimi na mwenzangu, tukakaa huku na huku, masikio yameinama. Chini ya dirisha palikuwa pamechungulia ndevu mpya, ndogo, kama unga uliomwagika. Safari hii sikuifuta. Nilimuonyesha binti yangu kwa kidole, naye akaenda mwenyewe kuchukua brashi.